Kabla ya kuwa mbunifu wa mitindo, jifunze kununua

Kwa Mhariri,

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa na wazazi wanapoanza kuhangaikia vyuo, kurasa za magazeti yetu hujaa ushauri kuhusu kozi za kusomea, na katika miaka ya karibuni ubunifu wa mitindo umepata nafasi yake humo, jambo ambalo mtu wa umri wangu hakulitarajia. Nafurahi kwa hilo. Lakini ushauri huo una pengo kubwa nikiupima kwa kazi niliyoifanya hapa Nairobi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza kama mnunuzi wa duka la nguo, kisha nikiwa na chapa yangu ndogo, na sasa kama mshauri wa wafanyabiashara wa mavazi. Unamwonyesha kijana cherehani na jukwaa la maonyesho, lakini haumwonyeshi kaunta. Naomba nafasi nieleze kwa nini naamini kwamba anayetaka kuishi kwa mitindo katika jiji hili aanze kwa kununua, ubunifu ufuate, na ushauri uje mwisho kabisa.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui, na baadhi ya wanaodai kuijua huidhania kuwa ni kwenda Dubai au Guangzhou na masanduku matupu. Mnunuzi wa duka la mavazi ndiye anayeamua, miezi kadhaa kabla ya mteja kuingia mlangoni, ni gauni lipi litakalotundikwa, kwa rangi ngapi, kwa saizi zipi, kwa bei gani na kutoka kwa nani. Hukabidhiwa pesa za mwenye duka azigeuze kuwa bidhaa, na bidhaa hizo zisiporudi kuwa pesa kwa wakati, lawama ni yake hata kama kila mhudumu aliyasifu magauni hayo yalipokuwa yakitolewa kwenye maboksi. Kwa hiyo jambo la kwanza analojifunza ni kutoyaamini macho yake peke yake. Rangi inayompendeza yeye huenda ndiyo itakayokaa rafuni hadi ishike vumbi. Katika maduka niliyoyanunulia, saizi ya 14 na ya 16 ndizo zilizoisha upesi, ilhali wauzaji wa ng'ambo walitusukumia pakiti zilizojaa saizi ya 8 na ya 10. Mnunuzi asiyeandika mauzo ya kila saizi atarudia oda ileile mwakani, na wateja wataendelea kusema kwamba duka hilo halina nguo zao.

Kisha kuna hesabu, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Tuseme duka linatarajia kuuza bidhaa za shilingi 900,000 mwezi wa Novemba, na linataka kuuanza mwezi wa Desemba likiwa na mzigo wa shilingi 1,200,000, kwa kuwa Desemba ni mwezi wa harusi, wa safari za mashambani na wa nguo mpya za watoto. Mahitaji yote ni shilingi 2,100,000. Ikiwa Novemba inaanza na mzigo wa shilingi 1,300,000 dukani na stoo, na oda za shilingi 500,000 ziko njiani, basi mnunuzi ameachiwa shilingi 300,000 tu za kununulia, zikihesabiwa kwa bei ya kuuzia. Mgeni wa kazi hii huona milioni moja katika akaunti ya benki akadhani ana milioni moja ya kununua. Nimeona maduka mazuri ya Moi Avenue na Ngong Road yakifungwa huku stoo zimejaa hadi darini, kwa sababu kila shilingi ya mwenye duka ilikuwa imelala katika nguo za mwaka juzi. Hesabu hiyo ni kujumlisha na kutoa, na mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwanafunzi wa mitindo kwamba ipo.

Kalenda nayo inataka kichwa. New York, London, Milan na Paris huonyesha mavazi ya machipuko na kiangazi kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, kwa ajili ya mwaka unaofuata, na ya majira ya baridi kuanzia Februari hadi Machi. Nairobi iko karibu na ikweta, na baridi yake huja kati ya Juni na Agosti, wakati Ulaya ina jua. Mnunuzi anayeifuata kalenda ya London atapokea makoti mazito karibu na Oktoba, tunapongojea mvua za vuli, naye atakuwa ameyashusha bei muda mrefu kabla ya Julai kuwadia. Maduka yaliyofungamana na kampuni za Afrika Kusini yalikuwa na nafuu hapo, kwa kuwa kipupwe cha kule huangukia miezi ileile ya baridi yetu. Kalenda ya kwetu ina sare za shule Januari, ina Pasaka, ina Idi ambayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka na hivyo kuwavuruga wanunuzi wanaonakili tarehe za mwaka uliopita, ina ruracio, yaani sherehe za kupeleka mahari, na harusi za Agosti na Desemba, na ina mahafali ambayo yamekuwa msimu kamili wa suti na magauni. Kijana aliyezaliwa hapa anaijua kalenda hii bila kufundishwa. Ndiyo mtaji wake wa kwanza, na sioni kwa nini tunamhimiza aisahau ili akariri ya wengine.

Wapo watakaoshangaa nikisema kwamba shule bora ya kazi hii hapa jijini ni soko la mitumba la Gikomba. Mfanyabiashara wa pale hununua mtumba wa kilo 45 akiwa hajaufungua, kwa kuamini maandishi ya nje na sifa ya kampuni iliyoufunga. Akiukata kamba, dakika za mwanzo ndizo zinazoamua faida yake. Nguo bora kabisa, ambazo wenyeji wa soko huziita kamera, huondolewa na kuuzwa kwa bei ya juu kwa wenye maduka na wauzaji wa mtandaoni waliofika alfajiri. Za daraja la pili hutundikwa. Na mwishowe hubaki fagia, inayouzwa kwa bei ya kumaliza ili pesa zirudi kununua mtumba mwingine. Mama anayeketi nyuma ya rundo hilo hana kompyuta, lakini anajua bei ya wastani ya kila kipande, anajua ni vipande vingapi vitakavyorudisha mtaji na vingapi vitakavyokuwa faida, na anajua saa ya kushusha bei. Mameneja wengi wa maduka yenye vioo vikubwa Westlands hushusha bei wakiwa wamechelewa kwa miezi miwili, kwa sababu ya aibu. Yeye haoni aibu. Ningekuwa na uwezo, ningemtaka kila mwanafunzi wa mitindo aombe kibarua kando yake, akunje nguo, abebe mzigo, na anyamaze akisikiliza wateja wanauliza nini.

Najua kuisifu Gikomba mbele ya wabunifu ni kuchokoza nyuki. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka wa 2016 kuondoa mitumba kufikia mwaka wa 2019. Kenya ikalegeza msimamo baada ya shinikizo kutoka Marekani, na Rwanda iliyoshikilia wake ikapoteza, mwaka wa 2018, nafuu ya ushuru ambayo nguo zake zilikuwa zikipata huko chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Mjadala huo ni mrefu na una haki pande zote mbili, hasa ukikumbuka viwanda vya nguo vya Kisumu na Eldoret vilivyokufa au kuzimia baada ya milango ya uagizaji kufunguliwa miaka ya tisini. Siuingilii. Ninalosema ni dogo zaidi: mteja wa Gikomba anatafuta mshono imara, kitambaa kisichochuja na saizi inayomtosha, na mbunifu asiyejua hayo hawezi kumvuta mteja huyo hata mitumba yote ikizuiwa bandarini Mombasa.

Tuna ushahidi wa kinachotokea ubunifu unapotangulia na ununuzi kusahauliwa. Mwaka wa 2004 Kenya ilitafuta vazi la taifa. Wabunifu walishindanishwa, maoni ya wananchi yakakusanywa, vazi likazinduliwa kwa shangwe, na picha zake zikachapishwa magazetini. Leo vijana wengi wa Nairobi hawajui kwamba lilikuwapo. Wengi hulaumu mtindo wenyewe au hulaumu makabila yetu kuwa mengi mno kuvaa kitu kimoja. Mimi naona sababu isiyo na makuu: hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha vazi hilo linashonwa kwa saizi zote, kwa bei ambayo mwalimu wa Kitui au karani wa Nakuru angeimudu, na kwamba linapatikana Biashara Street siku mwananchi anapoamka na hamu ya kulinunua. Hamu ya mnunuzi haikai ikisubiri. Yaliyofuata agizo la Oktoba 2019, kwamba watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa, yanafundisha jambo lilelile. Agizo liliwapa watu sababu ya kutafuta nguo hizo. Halikuweka rafuni shati la saizi ya 17 kwa bei nafuu. Suti ya Kaunda, kwa upande wake, haikuhitaji kamati. Watu walimwona Rais akiivaa, mafundi wa River Road na Kenyatta Market wakajua kuishona, kitambaa kilikuwapo, nayo ikaenea hata Spika wa Bunge la Taifa akaona haja ya kuipiga marufuku bungeni mnamo Novemba 2023.

Hapa naomba niwaseme kidogo wabunifu wenzangu, tena kwa upendo. Chukueni gauni la kawaida. Linahitaji mita mbili na nusu za kitambaa kwa shilingi 400 kila mita, yaani shilingi 1,000, zipu, bitana na uzi 250, ufundi 600, lebo, mfuko na nauli ya bodaboda 150. Jumla ni shilingi 2,000. Mbunifu hulipiga picha, huliweka Instagram kwa shilingi 3,500, huliuza, na hujiona amepata 1,500. Hajahesabu kodi ya chumba, stima, sampuli mbili zilizoharibika wala ujira wake mwenyewe. Siku mnunuzi wa duka anapompigia simu akitaka magauni 40, furaha ya nyumba nzima hugeuka kilio, kwa sababu duka hununua kwa karibu nusu ya bei ya kuuzia, likiwa na kodi, wahudumu na nguo zitakazoshushwa bei mwisho wa msimu. Nusu ya 3,500 ni 1,750, ambayo haifikii hata gharama. Angekuwa amewahi kununua, angeanza hesabu kutoka upande wa pili: aliuzie duka kwa 3,000, duka liweke 6,000, na kwa VAT ya asilimia 16 mteja asome 6,960 kwenye lebo, kisha ajiulize bila kujidanganya kama gauni hilo, likining'inia karibu na la Eastleigh la shilingi 1,500, lina kitu cha kumfanya mteja atoe tofauti hiyo. Jibu likiwa hapana, dawa hutafutwa katika uchaguzi wa kitambaa na idadi ya vipande vya patani, kabla mkasi haujagusa jora.

Jambo jingine linalowaumiza ni mali kauli. Maduka mengi jijini hayanunui kazi ya mbunifu mchanga. Huipokea kwa ahadi ya kulipa ikishauzwa. Mpango huo una historia ndefu katika biashara zetu na si mbaya kwa asili yake, lakini unataka maandishi. Nani atabeba hasara gauni likiibwa au likichafuliwa na rangi ya midomo katika chumba cha kujaribia? Malipo ni siku ya ngapi baada ya mauzo? Nguo zisizouzwa zitarudi lini, ili zisirudi mwezi wa Februari zikiwa za Krismasi? Duka moja ambalo sitalitaja liliwahi kukaa na mzigo wangu msimu mzima, na nilipoufuata nikakabidhiwa mifuko ya nguo zilizofifia kwa jua la dirishani. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha tulivyokubaliana, ingawa kwa miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nikiwasainisha wengine karatasi hizo kwa niaba ya mwajiri.

Sidai kwamba njia hii ninayoipendekeza ni yangu. Giorgio Armani aliacha masomo ya udaktari na mwaka wa 1957 akaajiriwa katika duka kubwa la La Rinascente mjini Milan, ambako alipanga madirisha na kisha kufanya kazi katika idara ya nguo za kiume. Kampuni yenye jina lake haikuanzishwa hadi mwaka wa 1975. Hapa kwetu, Wandia Gichuru alianzisha Vivo mwaka wa 2011 akitokea katika kazi za maendeleo ya kimataifa, bila shahada ya ubunifu. Alichokuwa nacho ni jicho la mnunuzi: aliona kwamba wanawake wa Nairobi hawakuwa na mahali pa kupata nguo nzuri za mazoezi na dansi, akaziba pengo hilo, kisha akawasikiliza walichotaka kuvaa kazini na mitaani, na leo maduka ya kampuni hiyo yako katika majengo makubwa ya biashara jijini na nguo zake nyingi hushonwa hapa hapa.

Nisieleweke kwamba naubeza ubunifu au masomo yake. Anayetaka kubuni ajifunze vizuri, na nafasi zipo: Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayounganisha ubunifu wa mitindo na uuzaji wake, Chuo Kikuu cha Moi kimejijenga katika uhandisi wa nguo na ndicho kilichokinunua kiwanda cha Rivatex cha Eldoret mwaka wa 2007, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Mbunifu asiyeweza kukata patani wala kutofautisha kitambaa kilichofumwa na cha kuvutika kama cha fulana atakuwa mtumwa wa fundi wake. Ajue pia haki zake. Muundo ukisajiliwa katika Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya hulindwa kwa miaka 5, na ulinzi huo unaweza kuongezwa mara mbili hadi ufikie miaka 15. Kusema kweli, kwa gauni la msimu mmoja usajili huo mara nyingi hauna maana, kwa kuwa nakala itakuwa Eastleigh kabla ya barua kujibiwa. Lakini kwa umbo la mkoba, kiatu au bangili litakalouzwa miaka kumi, ni uzembe kutousajili.

Sasa ushauri wa biashara, ambao ndio unaonipa mkate siku hizi na ambao umekuwa kimbilio la kila mtu. Sijui ni kwa nini imedhaniwa kwamba mtu akikosa kazi ya mitindo anaweza kuishauri. Mshauri huuza makosa aliyoyaona yakilipiwa, ya kwake na ya wengine, na asiye na hazina hiyo huishia kumwambia mteja abadilishe nembo na kupiga picha zaidi. Wateja wapo, tena wengi kuliko tunavyodhani. Hoteli inayotaka sare zitakazostahimili kufuliwa kila siku. Shule zinazotaka kubadilisha kitambaa cha sweta bila wazazi kupandishiwa bei. Vikundi vya akina mama wa Machakos na Kitui wanaosuka vyondo na kuulizwa na wanunuzi wa nje kama wanaweza kutoa 500 vyenye kipimo kimoja. Kampuni ya kigeni inayotafuta kiwanda Athi River na inahitaji mtu wa kukagua sampuli, kufuatilia tarehe na kusema ukweli oda inapochelewa. Katika kazi hizi zote mteja hulipia kitu kimoja, yaani kujua mapema ni wapi pesa zake zitapotelea.

Mshauri ajipange kisheria pia. Mteja akiwa kampuni, ada ya ushauri ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kulipwa, na mshauri hudai cheti cha makato hayo ili yahesabiwe katika kodi yake ya mwaka. Tangu mwaka wa 2024 mteja hawezi kuyaingiza malipo katika gharama zake za kikodi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kwa hiyo kijana anayetuma ujumbe wa simu akidai "ile pesa yangu" atasubiri sana. Lakini kubwa kuliko kodi ni uaminifu. Katika biashara ya vitambaa kuna desturi ya muuzaji kumrudishia kitu kidogo anayemletea mteja, na washauri wengi huipokea "shukrani" hiyo huku wakilipwa na mteja yuleyule kwa kazi ya kumtafutia bei nzuri. Haiwezekani kumtumikia mwenye pesa na mwenye jora kwa wakati mmoja. Mshauri achague ni nani atakayemlipa, amwambie mwingine wazi, na kama kuna punguzo limfikie mteja. Nimepoteza vitambaa vya bure kwa msimamo huo, lakini wateja wangu wameendelea kuniletea ndugu zao.

Kuna pingamizi ambalo najua litaletwa, nalo ni la haki: kwamba nafasi za ununuzi zenyewe ni chache. Maduka makubwa yaliyokuwa yakiajiri na kufundisha wanunuzi yamepungua. Deacons, ambayo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 2016, iliwekwa chini ya msimamizi mnamo Novemba 2018, mwaka uleule ambao Mr Price ya Afrika Kusini ilichukua mikononi mwake maduka yake ya hapa. Na Nakumatt, ambayo rafu zake za nguo zilimpa riziki mshonaji mwingi mdogo, ilianguka wakati huohuo. Ninakubali. Ngazi ile ya zamani, ya kuanza kama karani wa ununuzi na kupanda hadi mkuu wa idara, imevunjika vipago vyake vingi. Hata hivyo kazi yenyewe haikufa, ilitawanyika. Iko kwa muuza sare wa Biashara Street anayeagiza kitambaa Agosti kwa ajili ya Januari. Iko kwa wauzaji wa jumla wa Eastleigh wanaopokea makontena na wanaohitaji mtu wa kusoma mauzo ya matawi. Iko katika viwanda vya Athi River, ambako mtu anayesimama kati ya mteja wa Marekani na mstari wa cherehani hufanya nusu ya kazi ya mnunuzi kila siku. Iko kwa mamia ya wauzaji wa mtandaoni ambao hununua kwa hisia na hufa kwa mwaka mmoja.

Wenye maduka nao wana sehemu yao. Waajiri hutoa tozo ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wakifundisha watu wao kwa utaratibu ulioidhinishwa wanaweza kurudishiwa gharama, lakini sijakutana na duka la nguo lililowahi kuomba pesa hizo ili kumfundisha mtu ununuzi. Wanapendelea kumtuma shemeji Istanbul.

Ombi langu kwa vyuo ni moja, nalo halihitaji bajeti. Mafunzo ya nyanjani ya wanafunzi wa mitindo hupangwa mara nyingi kati ya Mei na Agosti, kwa sababu ndipo madarasa huwa matupu. Miezi hiyo mwanafunzi hufagia karakana ya fundi, hushona vifungo, na kurudi chuoni na barua yenye muhuri. Yasogezwe yaanze Septemba na yaishe mwishoni mwa Januari, na angalau nusu ya wanafunzi wapelekwe madukani na sokoni badala ya karakana, kila mmoja akiwa na daftari la mauzo ya kila saizi na kila rangi. Hapo atauona mzigo wa Desemba ukiagizwa, ukichelewa bandarini, ukitundikwa, ukigombaniwa. Kisha ataona Januari kilichobaki kikishushwa bei, na atatakiwa kumweleza mwenye duka ni kwa nini kilibaki.

Wako,
Mshauri wa biashara za mavazi,
South B, Nairobi.